Miguu Imeshikwa

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Kompyuta ya ofisi ninakofanya mazoezi ya kazi imenikataa tena. Nimeingiza diski zote sita, programu ikafunguka, nikachora stendi ya tangi la kanisa: vyuma, viungo, uzito wa maji. Nikabonyeza. Kosa! Eti muundo unaelea. Mwaka wa tatu uhandisi, nashindwa na stendi. Aibu tupu.

Jumanne, 6 Agosti
Kumbe lazima uiambie stendi imeshikwa wapi, la sivyo inadhani iko hewani. Mchana nikaenda kanisani. Baba mdogo Ochieng' ndiye anayechomea hiyo stendi. Nikamuuliza kama miguu imeshikwa chini. "Imeshikwa yote, wuoda, mwanangu." Nikarudi mbio, nikaandika miguu minne imefungwa kabisa. Ikakubali! Kijani juu mpaka chini.

Jumatano, 7 Agosti
Baba mdogo alitaka kuongeza vyuma vya mshazari. Nikamwambia anaharibu chuma bure, kompyuta imesema inatosha. Akaitazama karatasi yangu. "Haya. Wewe ndiye umesoma." Nikatembea kifua mbele hadi nyumbani.

Ijumaa, 9 Agosti
Stima imepotea tangu jana, Homa Bay nzima. Kazi ya kuchomea imesimama. Pasta ameniuliza kama wanaweza kujaza tangi kesho, wageni wanakuja. Nikasema jazeni tu, miguu imeshikwa.

Jumamosi, 10 Agosti
Imeanguka. Baba mdogo alikuwa chini yake, anaokota vifaa vyake. Mguu umevunjika mahali pawili. Mungu wangu.

Jumatatu, 12 Agosti
Kwa fundi, kushika ni kuchomea kadoti tu, chuma kisiyumbe, umalize baadaye. Na mimi nilijua! Likizo ngapi nimemsaidia pale jua kali? "Shika kwanza, tutamaliza." Nimelisikia neno hilo mara elfu. Juzi nikalisikia kama mtu wa kitabu. Mjinga mimi. Na vile vyuma vya mshazari, alijua anachosema.

Jumapili, 18 Agosti
Wazee wa kanisa walikuja wodini baada ya ibada. Nilikuwa nimejipanga kusema. Baba mdogo akanitangulia. "Ni makosa yangu. Sikumaliza kuchomea." Wakampa pole, wakaomba, wakaenda. Nikawasindikiza hadi mlangoni, maneno yangu yote bado moyoni.
Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikammiminia uji.