Koki ya Mtungi Wako

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yote miwili. Mama aliniambia uliteleza ngazini na friji la watu mgongoni, na kwamba friji lilipona kuliko wewe. Goti limepoa? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto wako wanaonikumbuka shangazi yao pale tu wanapotaka kitu, wanaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Mama analalamika kwamba masikio yamechoka, ila ukimsema vibaya chumba cha pili anakusikia vizuri sana.

Utajiuliza kwa nini nimehangaika na karatasi wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, au ningejikatiza mwenyewe kwa mzaha kama kawaida yangu. Nakuomba kitu kimoja: isome yote, hata ukikasirika katikati.

Habari kubwa ni kwamba nakwenda. Miezi mitano, visiwa saba, na kote ni kuzamia. Ile ramani uliyoibandika ukutani tulipokuwa tunalala chumba kimoja, yenye vidoti vyako vyekundu, bado ninayo. Iko karakanani, juu ya cherehani yangu. Vidoti ni vyako vilevile, mimi nimeongeza mistari tu ya kutoka kimoja hadi kingine.

Usianze kuuliza nimeokota wapi utajiri. Naondoka msimu ambao wageni hawaji, vyumba vinapokuwa nusu bei na wenye navyo wanakubembeleza. Nitasafiri na boti za mizigo, nikikalia magunia. Mitungi ya hewa na mikanda ya risasi ya kutuliza mwili chini nitaazima hukohuko, maana vyuma ndivyo vinavyomaliza nauli. Miwani, mapezi na kifaa cha kupumulia nabeba mwenyewe, kwenye mfuko niliouunga kwa vipande vya turubai vilivyobaki kazini. Kisiwa cha pili kuna mwenye boti ambaye viti vyake vimechanika vyote, tumeshaandikiana: mimi nashona, yeye ananizamisha. Cha nne kuna mama mwenye nyumba anayetaka mapazia ya madirisha manane, na chumba cha juu ya duka lake kitakuwa changu wiki tatu. Mwenye shoka hakosi kuni, na mwenye sindano hakosi pa kulala.

Nilipomweleza Mama, kwanza aliuliza kama huko visiwani mafundi wamekwisha. Halafu akauliza ninakwenda na nani, na hapo ndipo penyewe. Unajua kwamba hakuna azamiaye peke yake. Mwalimu wetu, yule mzee aliyetufundisha sisi sote wawili, alisema haniandikii barua ya kunitambulisha kwa wenzake huko mpaka nimtajie mwenzangu. Nikakutaja wewe. Aliweka kikombe chini, akasema Kizibo hawezi kurudi majini.

Kizibo. Miaka tisa imepita na jina bado linakungoja pale klabuni. Wewe uliyetuzidi sote ulifyatuka kutoka mita kumi na nane hadi juu, damu puani, ukalazwa siku tatu. Mwalimu akakipima kifaa chako kesho yake, akakuta hakina kasoro, akaandika katika daftari lake la matukio kwamba mzamiaji alishikwa na hofu. Watu wakacheka. Nilicheka na mimi, Kaka, tena kwa sauti. Ukauza mapezi, ukajifunza ufundi wa mafriji, ukahamia mji usio na bahari. Wifi aliwahi kuniambia unamwambia kila mara kwamba moyo wako si wa maji.

Sasa nisikilize. Siku hizi Jumamosi namsaidia Mwalimu na wanaoanza. Mwezi uliopita walikuja muuguzi mmoja na mumewe. Tulipokuwa tayari kuruka, Mwalimu alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa mume, akagusa koki ya mtungi, akamwambia kila mtu asimame. Tangu zamani alitufundisha koki ifunguliwe mpaka mwisho, kisha irudishwe nusu mzunguko, na kwamba mwenzako ndiye anayekuhakikishia kwa sababu wewe huoni mgongoni. Muuguzi alikuwa ameianzia upande siyo. Aliifunga mpaka mwisho, kisha akaifungua nusu mzunguko, akaridhika. Mwalimu alieleza kwamba ukiwa juu ya boti utavuta hewa vizuri na geji itakuonyesha mtungi umejaa. Ukifika chini, ambako pafu linadai hewa nyingi zaidi, ule upenyo hautoshi. Mtu anahisi anakabwa, na mtungi wake umejaa. Muuguzi alilia. Mimi nilikwenda nikakaa nyuma ya mashine ya kujazia hewa.

Siku ile, Kaka, aliyekagua koki yako ni mimi. Ulikuwa umeshaifungua vizuri mwenyewe. Mimi nilikuwa nageuka huku na huku nikiwaonyesha watu mapezi yangu mapya, nikaizungusha bila kutazama, nikaona imegota, nikarudisha nusu, nikakupiga bega kwamba twende.

Ningeweza kusema nimeyajua haya kwa yule muuguzi, nawe ungeniamini. Si kweli. Ulipokimbizwa hospitali, mimi ndiye niliyefungua vifaa vyako. Nilipoifunga koki iligota baada ya nusu mzunguko tu. Nilijua palepale. Cheti changu kilikuwa kitolewe wiki ile, nikanyamaza. Kesho yake Mwalimu akakipima kifaa kwa mtungi aliofungua mwenyewe, na bila shaka kikafanya kazi. Nikaacha iwe hofu yako. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka tisa, na ni wewe uliyeitembea. Naona aibu, na nakuomba radhi.

Wewe unashika koki za gesi kila siku, hivyo huhitaji kuelezwa zaidi. Hukuogopa. Ulikosa hewa.

Kabla ya kukuandikia nilimwambia Mwalimu. Alilitoa lile daftari la zamani, akakata neno hofu kwa mkono wake, akanipa kalamu niandike kilichotokea na nitie sahihi. Nakala iko ndani ya bahasha hii. Cheti changu amekichukua, na amenirudisha kwa wanaoanza, nakaa benchi moja na muuguzi mpaka nifaulu upya mwisho wa mwezi. Nitafaulu. Alisema pia kwamba mkono wake una sehemu ya kosa, na kwamba atakuandikia mwenyewe. Mama naye nilimwambia. Alivaa viatu, na tangu juzi anapita nyumba kwa nyumba kwa wale wote aliowahi kuwasimulia, anarekebisha.

Safari hii siitoi kama fidia. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na najua visiwa saba si miaka tisa. Ukikataa, nitatafuta mwenza mwingine na nitakwenda, maana unanijua. Lakini nafasi yako iko wazi, na mfuko wa pili wa turubai nimeshaushona, wenye mikanda mirefu ya mabega yako. Ukija, koki yako haitaguswa na mtu ila wewe. Mimi nitageuka nikupe mgongo, na yangu utaifungua wewe.

Mbusu wifi kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao amekosa na amekiri, wajifunze mapema kuliko yeye. Goti lisikupe sababu, Mwalimu anasema majini halina uzito. Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mdogo wako,
Mapovu