Kikapu cha Shangazi Faustina

Naima, nimekwisha. Prezentesheni imeniharibikia mbele ya darasa zima.

Unakumbuka nilimwomba shangazi Faustina wa Iringa anisukie mfano wa kile kitundu cha kwenye ukuta wa kiini cha seli? Pete ya protini, pande nane, katikati wazi ili vitu vipite. Nilimchorea kabisa!

Nimefunua kitambaa alichokifunikia, shoga. KATIKATI PAMEZIBWA. Pamesukwa ua jekundu.

Dokta Gwakisa, anayetusahihisha, akauliza, "Sasa vitu vinapita wapi?"

Shangazi akasimama huko nyuma, maana alikuja Mbeya kunishangilia: "Nimeziba mimi. Nimpe mwanangu kikapu kilichotoboka, watu waseme nini?"

Kilichotoboka, Naima!

Watu walicheka mpaka machozi. Dokta naye: "Kitundu hiki seli ya hamira inacho, ya binadamu inacho, tangu enzi za babu yao mmoja hakuna aliyekiziba. Umekuja kukiziba wewe?"

Nimepewa mpaka Jumatatu nilete kingine. Kumwambia shangazi amekosea nimeshindwa, kwa alivyofurahi.

Sasa hivi kanishika mkono: "Usilie mwanangu. Hicho kingine nitakiwekea na mfuniko."