Chumba Namba Nne, Maili Moja

Jumatatu, 5 Mei
Nimefua mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Vumbi tu. Mvua hii hayakauki. Vyumba vitano, mgeni mmoja, naye kaondoka bila hata chai. Nimechoka.

Alhamisi, 8 Mei
Leo ilikuwa zamu ya Mzee Kondo. Kila mwezi, miaka tisa sasa, anatoka Mzenga kuja kliniki, analala kwenye gesti yangu, namba nne, na mihogo ananiletea. Leo kimya. Nimempigia. Kumbe mwanawe wa Dar kamkodia nyumba ya watu ya kulala usiku mmoja, kaitafuta mtandaoni kwa simu. Ina jokofu, ina runinga. Sasa nani atamgongea alfajiri aswali? Miaka yote namgongea mimi, Mlutheri. Wivu umenikaba, sifichi.

Jumapili, 11 Mei
Binti yangu Neema kaja baada ya ibada. Eti gesti zimepitwa na wakati. Hii yetu tuiweke mtandaoni, nyumba nzima, funguo kwenye kisanduku cha namba za siri getini, mimi nihamie kwake. Nimemfokea. Kisha nimelia jikoni.

Jumanne, 27 Mei
Nimekubali. Fundi kashusha kibao cha gesti alichokiandika marehemu baba Neema kwa mkono wake. Kitanda cha namba nne kimeuzwa, sasa ni sebule. Neema kapiga picha kila kona. Mimi simo hata moja. Haya.

Alhamisi, 12 Juni
Mgeni wa kwanza wa mtandaoni. Neema kanionya nisijitokeze, wageni wa siku hizi hawataki kusumbuliwa. Nikajibanza kwa jirani, nachungulia. Mtu mzima mimi! Bodaboda ikasimama. Akashuka Mzee Kondo na kapu lake. Akakipapasa kile kisanduku, akakigeuza, akakipigia hodi. Nikashindwa. Nikatoka.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Mama Neema! Mwanangu kasema nyumba ya kwenye simu. Mbona ni kwako?"
Akaelekea namba nne moja kwa moja. Akakuta makochi. Akasimama pale mlangoni na kapu lake. Aibu niliyoipata leo, Mungu anajua.

Ijumaa, 13 Juni
Nililala stoo. Neema hajui. Alfajiri nimemgongea mzee chumba namba mbili. Kaitika. Nikabandika maji.
Mihogo tumekula wawili. Kabla ya kwenda kliniki kauliza kitabu cha wageni. Nimekitoa kabatini, nimekipangusa. Kaandika polepole. Jina: Kondo. Anakotoka: Mzenga. Chumba: namba nne.
Sikumsahihisha.