Kadi Nyekundu ya Mheshimiwa

Alhamisi. Upepo wa Kitengela umeamka na hasira, vumbi la machimbo liko mpaka kwa meno.

Niliachia shule kidato cha pili, lakini niulizeni mambo ya sumu. Miaka sita nafagia chumba cha sungura kwa maabara moja huku Kajiado, na masikio yangu yamesoma kuliko wale wanafunzi wa madaftari. Neva inatuma ujumbe, ujumbe unakalia kiti chake, msuli unashtuka. Halafu kuna kimeng'enya, mfagiaji kama mimi, anauondoa. Dawa ya kuua kupe, ndiyo sumu yetu, inamfunga mfagiaji mikono. Ujumbe unajazana, sungura anatoa mate, anatetemeka, pumzi inakata. Kuna dawa ya pili, ya kuzuia sumu, lakini haimfungui mfagiaji. Inakalia kiti tu. Ujumbe ukija unakuta kumejaa.

Mimi hutoka kazini saa saba. Waliopona siwakuti kesho yake, kwa hivyo watoto wangu nimewaambia huwa wanastaafu huko malishoni Oltepesi. Hata mimi nilikuwa nimeamini.

Leo sungura walikuwa wanane. Kadi nyekundu kwa kizimba, sumu peke yake. Kadi ya kijani, sumu na dawa ya pili.

Mmoja nilimwita Mheshimiwa, kwa sababu ya tumbo na kutofanya kazi. Kadi yake ilikuwa nyekundu. Kabla Daktari Mwende aingie, niliibadilisha na ya kijani ya jirani yake.

Huyo jirani sikuwa nimempa jina.

Alikufa kabla ya chai ya saa nne. Nilimwangalia mpaka mwisho. Mheshimiwa alitoa mate kidogo, akatulia, akarudia sukuma wiki yake. Nilijiona Mungu mdogo. Saa saba ikafika, nikakataa kutoka.

"Daktari, huyu wangu ni chuma!"

Alikuwa anavaa glavu. "Baba Sharon, waliopona ndio tunahitaji zaidi. Niletee huyo, tunatoa ubongo."

Nilimbeba mwenyewe. Alificha pua kwapani mwangu mpaka sindano ya usingizi ikamshika.

Nilimuua jirani ili Mheshimiwa apate masaa matatu.

Jioni Sharon ameuliza kama Mheshimiwa amefika Oltepesi. Nimemwambia amefika, na huko nyasi ni ndefu.

Kesho wanaletwa wengine wanane, na kadi ni mimi huzifunga. Nitaanza na nani?