Mguu wa Mama Kwenye Beseni

Nyamira, 12 Mei 2024

Kwako Mama mpendwa,

Hujambo, Mama? Natumaini Edinah, mpishi wa shule yetu, atakukuta mzima akikuletea barua hii. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenishika kifua kidogo.

Mama, likizoni nilikuona nyuma ya jiko ukivua soksi. Hukujua kwamba nipo. Mishipa ya mguu wa kushoto imevimba na kujisokota kama mizizi, na juu ya kifundo ngozi imekuwa nyeusi na ina kidonda. Nilimwuliza mwalimu wa biolojia bila kukutaja. Alisema vena za miguu hupandisha damu kwenda moyoni, na ndani yake kuna vali, kama vilango vidogo vya kuizuia isirudi chini. Vali zikilegea, damu hutuama na mshipa hutanuka. Kusimama kutwa, kama wewe na ndizi zako pale soko la Daraja Mbili, huzidisha. Kidonda cha namna hiyo alisema kionwe hospitalini.

Je, umekwenda?

Mwanao,
Gesare


Marani, 19 Mei 2024

Kwa binti yangu Gesare,

Salamu nyingi. Huku tunaendelea, na ng'ombe amezaa ndama jike. Vaa sweta mbili, usijifanye mtoto wa mjini.

Una macho ya paka wewe. Mguu nimeufunga kwa kitambaa chini ya goti, nimekaza, ili damu isishuke tena. Zahanati siendi. Muuguzi wa pale anaimba kwaya nasi, na kesho yake kanisa zima litajua kwamba mguu wa mke wa Ishmael unaoza.

Tayari wanasema. Meza ya Bwana imepita mara mbili nikiwa nyumbani, kwa maana kabla ya mkate lazima tupatane na tutawadhane miguu, na siwezi kumpa mwanamke mwenzangu mguu huu. Sasa wanadai nina chuki, nimekataa kupatana na mama yako mdogo Tryphosa juu ya majani ya ng'ombe ya pale mpakani mwa mashamba yetu. Waseme. Afadhali niitwe mwenye chuki kuliko mwenye kunuka.

Wewe soma.

Mama yako


Nyamira, 26 Mei 2024

Kwako Mama mpendwa,

Nafurahi kusikia habari za ndama. Kifua kimepoa.

Tafadhali fungua hicho kitambaa leo. Kamba ya chini ya goti huizuia damu isipande, kwa hiyo inazidi kutuama pale kwenye kidonda. Bendeji hufungwa kuanzia wayo kwenda juu, lakini kwanza daktari apime kama damu inafika vizuri mguuni. Ukipumzika, lala na uweke mguu juu ya mito, upite kifua. Sokoni usisimame tu. Tembeatembea, kwa maana msuli wa nyuma ya mguu husukuma damu.

Na mshipa ukipasuka, Mama, usikae kitini wala usitembee kutafuta msaada. Lala chini, mguu uinuliwe, mtu akandamize kwa kitambaa safi bila kuachia, halafu hospitali.

Ninaogopa kwa sababu uko peke yako na siri hiyo. Mchague mtu mmoja tu, umwonyeshe.

Mwanao,
Gesare


Nyamira, 7 Julai 2024

Mama,

U hali gani? Edinah amerudi mikono mitupu tena. Leo nilipopanga foleni ya uji alinijazia kikombe hadi kikamwagika, na hakunitazama. Nilimwuliza, "Shangazi, mama yangu yuko?" Akasema, "Kunywa uji, mtoto."

Wasichana wa Marani wanasema kuna mtu aliyetoka damu kanisani. Niandikie hata neno moja. Hata kama una hasira nami.

Gesare wako


Kisii, hospitalini, 14 Julai 2024

Binti yangu,

Niko hai. Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari imepinda.

Ulisema nimwonyeshe mtu mmoja. Nikawaza, nimwonyeshe yule ambaye tayari hanipendi, hapo sina cha kupoteza. Siku ya kutawadhana nikaketi mbele ya Tryphosa. Soksi ilikuwa imeganda kwenye kidonda. Nilipoivuta, mshipa ukapasuka na damu ikaruka kama maji ya bomba.

Wanawake walinishikilia kwenye kiti. Mmoja wao, Mama Emily, akautia mguu kwenye beseni la maji ya moto, eti damu itulie. Beseni likawa jekundu lote. Macho yalianza kuniingia giza, nikakumbuka ulivyoandika, nikasema, "Nilazeni. Mguu juu."

Tryphosa alinivuta sakafuni, akaweka kisigino changu begani mwake, juu ya gauni lake jeupe la ushemasi, akakandamiza kwa taulo. Akaniambia, "Mke wa Ishmael, usinifie hapa. Watasema ni mimi niliyekuua." Hakuachia hadi Kisii mjini.

Nimeongezwa damu. Kidonda kimekula sana, na daktari hasemi kama kitafunga. Anasema ningekuja mwaka jana ingekuwa kazi nyepesi. Madaktari wakikubali, mishipa itatibiwa baadaye. Nafasi yangu Daraja Mbili imeshikwa na mtu mwingine, na kusimama kama zamani nimekatazwa. Sikufichi.

Tryphosa amefundishwa kufunga bendeji. Anafunga vibaya, anafungua, anaanza tena kwenye vidole. Juu ya mpaka hatujasema neno. Ila jana baba yako alimkuta anakata yale majani, na mzigo wote alikuwa amemtupia ndama wetu.

Mama yako