Nilifuta Jibu la Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimeharibu jambo na sijui nianzie wapi kulitengeneza. Mimi ni mama wa hapa Maungu, nauza mboga kando ya barabara, na binti yangu, nitamwita Shanice, yuko kidato cha pili, na tangu mwaka jana amenyamaza, hali chakula vizuri, anajiita mjinga mbele ya wenzake, basi nikampeleka kwa Mbinya, mshauri wa kanisani kwetu ambaye pia tunaimba naye kwaya, akaanza kumpa karatasi za mazoezi ya kujithamini ajaze nyumbani kwa penseli halafu waziongelee Jumamosi. Sasa mimi nimezoea kukagua kazi za shule na kutia sahihi, nikafungua mkoba nikakuta swali, "Ni neno gani uliloambiwa likakuumiza?" na yeye ameandika, "Mama alisema mbuzi wake ana maana kunishinda." Mshauri, ni kweli nilimwambia hivyo, siku alipochelewa na maji, lakini nilikuwa nimechoka, na hata mimi niliambiwa mabaya zaidi nikilelewa kule Mahoo, na nilipofikiria Mbinya akisoma hayo kisha tusimame pamoja Jumapili, nikachukua raba nikafuta, nikaiga mwandiko wa mtoto nikaandika, "Hakuna. Mama ananipenda." Na nampenda, Mungu anajua. Jumamosi, kama Mbinya alivyonieleza, alimsifu Shanice kwa hatua aliyopiga, naye akaiangalia sana ile karatasi. Aliporudi nyumbani aliweka karatasi mpya mezani mbele yangu, na penseli juu yake, akasema, "Jaza wewe, mama. Si wewe ndiye unajua majibu?" Tangu siku hiyo amekataa kwenda kwa Mbinya, na mimi hanisemeshi. Nifanye nini nisimpoteze?

Mama wa Maungu

Mama wa Maungu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili.

Ule haukuwa mtihani, dada. Binti yako alipata mahali pamoja tu pa kusema kinachomuuma, nawe ukamjibia kwamba haumwi, ili jina lako lisiharibike kwenye kwaya. Uchovu usinitajie, sote tunachoka. Ya Mahoo nayaamini na yananihuzunisha, kwa sababu nadhani aliyekuambia hayo hakurudi kukuomba msamaha. Unajua basi yanavyokaa moyoni miaka yote.

Mwambie Shanice leo kwamba ulifuta, na kwamba alichoandika kilikuwa kweli. Usiongeze "lakini na wewe." Halafu nenda kwa Mbinya ukaseme hivyo hivyo, hata kama utaona haya. Mtoto atarudi kwake akiwa tayari, asiburutwe. Mkoba wake usiufungue tena, na karatasi akiiacha tupu, iache tupu.

Ile aliyokuwekea mezani, ijaze, ila kwa majibu yako mwenyewe. Andika uliyoambiwa Mahoo. Chini yake andika ulilomwambia Shanice, la mbuzi, vile vile lilivyotoka kinywani mwako. Weka penseli kando, uandike kwa wino, kisha umpe asome.