Ile Kijani Niliichagua Mimi

Mpwa wangu,

Jina lako silitaji. Utajijua tu. Huku mtaani Gerezani, Kariakoo, ofisi yetu ya kusafirisha mizigo ipo, feni bado inalia kama mbuzi, na kiti chako simkalishi mtu.

Unakumbuka siku ulipoileta ile programu? Nilikuwa nawasimulia wateja jinsi nilivyopandisha friji mgongoni, peke yangu, mpaka ghorofa ya nane kule Mchafukoge, na soda za ndani zikafika bado baridi. Ukaniambia, "Jana ilikuwa ghorofa ya tano, Anko. Jengo linakua?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka.

Halafu ukanieleza. Kila tangazo la mzigo tunalorusha kwenye grupu la wateja, programu italisoma kwanza, itafute taarifa nyeti za watu. Jambo jepesi ni kijani, linapita. La wastani ni njano, inatuuliza. Zito ni nyekundu, haliendi.

"Ila mashine haijui kipi kinamuuma mtu," ukasema. "Wewe unaijua Kariakoo. Nipangie uzito."

Kichwa kikavimba. Mimi wa darasa la sita, leo naifundisha kompyuta! Namba ya kitambulisho: nyekundu. Jina la mama: nyekundu iliyoiva. Uliposhangaa nikakwambia mganga akitaka kukumaliza haulizi kitambulisho, anauliza jina lako na la mama yako. Ulicheka mpaka machozi, lakini ukaweka.

Tukafika kwenye kilichomo ndani ya mzigo. Ukataka nyekundu.

"Kariakoo watu wanapaza sauti kutangaza vitu, wewe unataka kuvificha? Kijani!"

"Anko, mzigo wa mtu una mambo yake. Basi walau njano."

"Mkubwa hapa nani?"

Ukaweka kijani.

Mzigo uliokuja kutuumbua ulikuwa wako. Dawa zako. Ulikuwa umetoka, nami nikaandika tangazo kwa mkono wangu, jina lako, dawa, na kazi ya dawa, nijionyeshe kwamba na mimi nasoma maboksi. Programu ikasoma, ikatazama uzito niliopanga, ikapitisha. Jambo mlilolijua wewe na mama yako tu likasomwa na grupu zima, na humo yumo shangazi wa mchumba wako. Wiki haikuisha, wakaja kuvunja uchumba.

Lakini si hilo linalonifanya niinamishe uso nikipita mtaani. Ni siku ile Mama Shufaa wa khanga aliponitania mbele ya watu, "Haya, mzee wa kompyuta! Si ulisema umeifundisha mwenyewe?"

Nikajibu, "Aa, mimi simo. Kaikosea yeye mwenyewe. Watoto wa siku hizi!"

Nikageuka, nakuona mlangoni. Hukunibishia. Ulisema tu, "Shikamoo, Anko," ukachukua mkoba wako, ukaondoka. Mimi muongeaji wa Gerezani nzima, nikainamia daftari la mizigo. Sikuitikia.

Wenye maduka waliotaka uwatengenezee programu wakaghairi, kwa neno langu lile. Nasikia uko Dodoma, unatafuta kazi upya.

Kwa hiyo nimeamua kuandika humuhumu kwenye grupu, maana wamo walionisikia nikidanganya. Wajue wote: programu ya mpwa wangu ilifanya kazi sawasawa. Ilitii. Aliyesema kilichomo kwenye mzigo wa mtu ni jambo jepesi ni mimi, naye alinikatalia.

Sasa kilichomo kwenye mzigo nimekigeuza nyekundu, kwa kile kitufe ulichonifundisha. Barua hii nilipoirusha mara ya kwanza, programu ikapiga nyekundu. Nilikuwa nimetaja tena dawa zako ni za nini, mjinga mimi, katikati ya kuomba radhi! Nikafuta kazi ya dawa, nikafuta jina lako. Bado nyekundu. Kumbe nimeandika "mama yako" na kufuatisha jina la dada yangu. Hapo nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika, maana hakukuwa na wa kunicheka. Nimefuta na hilo.

Friji, mwanangu, lilikuwa ghorofa ya pili. Na tulilibeba wanne.

Sikuombi urudi. Naomba tu hiyo salamu uliyoiacha mlangoni niipokee, hata kama nimechelewa.

Marahaba, mwanangu.

Ni mimi,
Anko wako